Moyo wa mtoto na mpaka usiopitika kirahisi

KIGALI – Mama anayeuza nguo Nyabugogo akiwa na mtoto mgongoni amezoea kuambiwa kwamba mwanawe ni mdogo kwa sababu ya baridi ya alfajiri. Huenda ni hivyo. Lakini mtoto anayetoka jasho kichwani akinyonya, anayeachia ziwa kila mara ili ahemee, au ambaye midomo yake hugeuka bluu akilia, huenda alizaliwa na kasoro ya moyo. Duniani, watoto kama 8 hadi 10 katika kila 1,000 huzaliwa nayo.

Inayoonekana sana ni tundu kwenye ukuta kati ya vyumba vya chini vya moyo. Dogo huweza kuziba lenyewe. Kubwa humimina damu nyingi mapafuni. Miaka ikipita mishipa ya huko hukakamaa, na hapo kuliziba ni hatari kuliko kuliacha. Nadra zaidi ni kasoro nne kwa pamoja, zilizopewa jina la Mfaransa Fallot aliyezieleza mwaka 1888.

Hospitali ya King Faisal hapa Kigali hupasua moyo, ingawa kwa miaka mingi ilitegemea madaktari wa kujitolea kutoka Ubelgiji, Australia na Marekani, waliokuja kwa siku chache na kuondoka. Wagonjwa wengine walipelekwa Khartoum, kituo cha Salam kinachotibu bure tangu 2007. Vita vya Aprili 2023 viliivuruga njia hiyo.

Imebaki Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanza 2015, barabara ile ile ya malori ya Rusumo. Jumuiya iligawana hata utaalamu: moyo Tanzania, figo Kenya, saratani Uganda. Mpango mzuri. Ila bidhaa zisizozidi dola 2,000 huvuka kwa cheti rahisi cha asili kinachogongwa muhuri pale pale mpakani, wakati kadi ya Mutuelle ya mwenye bidhaa hizo haimlipii mwanawe kitanda ng'ambo akijipeleka mwenyewe.

Kipimo cha kwanza hakihitaji safari: ni klipu ya oksijeni inayobanwa mguuni. Ikisoma chini ya asilimia 90, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ila tundu kubwa huweza kujificha nyuma ya namba nzuri, kwa hiyo muuguzi aambiwe pia habari ya jasho.