Mwanga wa simu, macho yako na nukta iliyopotea juani

Leo tuweke pembeni mbolea na bei za soko, tuongelee kitu mnachokishika kuliko jembe.

Wiki iliyopita, saa saba mchana, kijana mmoja mwenye nyanya kule Pongwe alinipigia. "Shikamoo bibi shamba. Hii dawa ya kantangaze mbona inatumaliza? Bomba moja mililita 400?" Bomba lake ni la lita 16. Chupa aliyonunua ilikuwa ya mililita 250, yaani chupa nzima isingetosha hata bomba moja, na hilo ndilo lililomfanya asite. Nikamwambia asogee chini ya mwembe, afungue tena ujumbe niliomtumia, asome taratibu. Kimya. Halafu nikamsikia anacheka peke yake. Nilikuwa nimeandika mililita 2.5 kwa lita moja ya maji. Juani ile nukta hakuiona, akasoma 25. Badala ya mililita 40 kwa bomba, angeweka 400.

Sasa fikiria angekuwa na chupa ya lita moja. Angemimina tu. Nyanya zingeungua, sumu ingebaki kwenye matunda yanayokwenda sokoni, na yeye mwenyewe angeivuta akiwa anapuliza.

Nikamuuliza mwanga wa simu ameuweka wapi. Chini kabisa, na skrini ameifanya nyeusi yenye maandishi meupe. "Nabana chaji, bibi shamba."

Namwelewa. Wengi wenu mnalala hapa Nguvumali, mashamba yako Pongwe, Kirare au Mabokweni, na ukiondoka asubuhi hakuna pa kuchomeka simu hadi jioni. Lakini tuangalie hesabu ya mwanga. Jua la saa sita mchana, mbingu ikiwa wazi, linafika kama laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Sebuleni usiku, kwa taa ya kawaida, unapata laksi 100 au 200 hivi. Simu ni ile ile na macho ni yale yale, ila mwanga umepishana mara mia tano au hata elfu. Hakuna kipimo kimoja cha skrini kitakachofaa sehemu zote mbili.

Juani unachoona kwenye kioo cha simu ni mng'ao wa mbingu uliochanganyika na maandishi. Skrini nyeusi hapo inageuka kioo cha kujitazamia, unaona sura yako kuliko ujumbe. Kwa hiyo shambani weka skrini nyeupe yenye maandishi meusi, mwanga upandishe, na kuza maandishi. Kisha fanya alichofanya kijana wetu mwishoni: tafuta kivuli, au uipe jua mgongo na ukinge simu kwa kofia. Kivuli ni bure, na kinasaidia kuliko kupandisha mwanga. Simu ikipata joto sana hujishusha mwanga yenyewe ili isiungue, hata uipandishe vipi. Ukiwa na miwani ya jua na skrini ikaonekana nyeusi tii, igeuze simu upande kabla hujampelekea fundi. Baadhi ya miwani huzuia mwanga wa skrini kwa pembe fulani.

Na hiyo ya kubana chaji kwa skrini nyeusi, wengi mmedanganyana. Inasaidia kwenye simu zenye skrini ya aina ya OLED, ambazo kila kinukta hujiwakia chenyewe, hivyo cheusi maana yake kimezimwa. Simu nyingi za bei ya chini zina LCD. Hizo taa yake iko nyuma ya skrini nzima na inawaka muda wote, uweke nyeusi au nyeupe. Kwenye LCD kinachookoa chaji ni kushusha mwanga wenyewe na kuzima skrini mapema.

Simu nyingi zina mpangilio wa kujirekebisha mwanga zenyewe. Uwashe. Ila ujue unategemea kijicho kidogo kilichopo juu ya skrini, karibu na kamera ya mbele. Protekta ikipachikwa vibaya, au tope la shambani likigandia pale, simu inadhani ni usiku na inajizimisha mwanga mchana kweupe. Pangusa kwanza, lawama baadaye.

Usiku mambo yanageuka. Unazima taa, unajilaza, unaanza kupitia bei kwenye grupu la WhatsApp, na skrini bado ina mwanga wa shambani. Jicho limeshaanza kuzoea giza, kazi inayochukua dakika 20 hadi 30 kukamilika, na wewe unalimulika kama kwa tochi. Chukua karatasi nyeupe, iweke kando ya simu pale pale ulipo. Skrini ikionekana kama taa kuliko karatasi, imezidi. Ikionekana ya kijivu, imepungua. Na usisome gizani, acha hata taa ndogo iwake.

Macho kuwasha na kukauka mara nyingi kunatokana na kutopepesa. Kwa kawaida mtu hupepesa kama mara 15 kwa dakika, na akikodolea skrini inaweza kupungua hata chini ya nusu. Ongeza vumbi la shamba na upepo wa kaskazi, jioni macho yanakuwa kama yametiwa mchanga. Kila dakika 20 inua kichwa, tazama kitu kilicho mbali, hatua nane au zaidi, kwa sekunde 20, na upepese makusudi. Ile miwani inayouzwa eti ya kuzuia mwanga wa bluu, hela yake nunulia mbegu. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani hakiipendekezi, na hakuna ushahidi kwamba mwanga wa skrini unaharibu jicho. Unachoweza kuharibu ni usingizi wako.

Lakini nisijifanye mjuaji. Msimu uliopita mkulima wa pilipili hoho alinitumia picha ya majani saa nne usiku. Niliyaona yamepauka, ya njano njano, nikamwambia aongeze urea. Kumbe simu yangu ilikuwa kwenye rangi ya usiku, ile inayofanya skrini iwe ya manjano ili isiumize macho. Nilipofika shambani majani yalikuwa ya kijani kibichi, na mbolea keshaiweka. Hoho zilijaa majani, maua yakachelewa. Hasara yake, kosa langu, na nilimwambia hivyo.

Kwa hiyo picha za magonjwa nipigieni asubuhi, kivulini, jani moja juu ya karatasi nyeupe ili nijue rangi halisi. Mimi nitazima rangi ya usiku kabla ya kujibu. Na vipimo vya dawa sasa naandika kwa maneno, "mbili na nusu", pamoja na jumla ya bomba zima. Ukiona nimesahau, niulize kabla hujafungua chupa.

Kama umerekebisha yote haya na kichwa bado kinauma, au unakunja uso kusoma hata kivulini, nenda ukapimwe macho hospitali.