Kusoma Miswada ya Lamu katika Tarakilishi Dhaifu: Uteuzi wa Programu Nyepesi

Miswada ya Lamu imesafiri mbali kuliko wengi wa walioinakili. Baadhi imo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mingine imo SOAS, London. Ile ya Msikiti wa Riyadha, mingi yake ikiwa ya Kiarabu, ilipigwa picha za dijiti chini ya mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini. Hivyo mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Amu, Siyu au Faza aweza kuletewa muswada wa kwao ndani ya faili moja. Kinachomkwamisha mara nyingi ni kuifungua faili hiyo. Tarakilishi (au ngamizi, kwa wanaolipendelea neno hilo) huganda, na lawama huangukia faili.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo huanzia kwenye kumbukumbu ya mashine. Ukurasa wa A4 uliopigwa picha ya rangi kwa nukta 300 kwa inchi una nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu. Kila nukta huhitaji baiti 3. Basi ukurasa mmoja hudai takriban megabaiti 26. Faili yenyewe yaweza kuwa ndogo kwa sababu picha zake zimefinywa, lakini haziwezi kuonekana kabla ya kukunjuliwa. Programu ikikunjua kurasa 10 kwa pamoja, megabaiti 260 zimekwisha. Mashine kuukuu yenye megabaiti 512 itabakiwa na nini?

Umbizo la PDF lilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 likawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Kwa hiyo yeyote aweza kuunda programu ya kulisoma. Programu ya Adobe yenyewe hujaza mamia ya megabaiti katika diski, kwani hubeba pia zana za fomu, saini na mengineyo ambayo msomaji wa tenzi hana haja nayo. SumatraPDF, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2006 kwa ajili ya Windows, ni ya bure, ina megabaiti chache tu, na yaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Sifa hii ya mwisho si ndogo kwa anayetumia mashine ya maktaba asiyoruhusiwa kuibadilisha. Husoma pia DjVu, umbizo lililobuniwa mahsusi kwa kurasa zilizopigwa picha. Watumiaji wa Linux wana Evince na Okular.

Hata hivyo, wepesi si kigezo pekee. Msomaji wa hati za Kiarabu huanza kulia. Programu ikipanga kurasa mbili sambamba kwa desturi ya Kilatini, ukurasa wa pili hutangulia wa kwanza, na beti huvurugika. Evince ina chaguo la kugeuza mpangilio huo, na kwa kazi hii yafaa kuliko nyingi. Jambo jingine ni ukuzaji. Katika hati hizi nukta moja hutenganisha herufi na herufi, hivyo programu isiyokuza ukurasa vizuri humpotosha mhariri. Nukta iliyofutika wakati wa kupiga picha, lakini, haitarejeshwa na programu yoyote.

Wala utafutaji wa maneno usitarajiwe. Ukurasa uliopigwa picha hauna maandishi ndani yake, hata kama msomaji ayaona. Kuandika "Liyongo" kwenye kisanduku cha kutafutia hakutaleta kitu.

Yafaa pia nakala ihifadhiwe karibu. Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa kimtandao, na huduma zake za mtandaoni zikakatika kwa muda mrefu. Aliyetegemea kutazama kurasa huko moja kwa moja alikosa pa kusomea. Mwenye nakala katika flashi, pamoja na programu ya kuifungulia kando yake, aliendelea na ubeti aliokuwa akiusoma.