Tshopo: Neno moja la Kiingereza linaweza kushusha bei ya kikwembe

Mshonaji wa Kisangani akituma picha ya kazi yake kwa WhatsApp, inaweza kumfikia mnunuzi wa Kampala au Nairobi siku hiyohiyo. Mnunuzi huyo anasoma Kiingereza. Hapo ndipo taabu inaanza, maana wengi wetu tunatafsiri kutoka Kifaransa.

Chukua "typique". Kwa Kifaransa ni sifa nzuri: vazi lenye asili ya mahali. Lakini "typical" ya Kiingereza mara nyingi ni kitu cha kawaida tu. "Costume" ni mtego mkubwa zaidi. Kwetu ni suti, ile ambayo Mobutu aliipiga vita miaka ya 1970 na kuleta abacost. Kwa Mwingereza ni nguo ya mchezo wa kuigiza au ya ngoma. Ukiita vazi la ndoa la mama yako "costume", umempandisha jukwaani.

"Tribal" uliache. Wachuuzi wa Ulaya bado wanalipenda, lakini ni ndugu wa "primitive", neno ambalo makumbusho yao yalibandika kwa miaka mingi kwenye vitu vya Afrika. Mwaka 1984 jumba la MoMA, New York, lilikosolewa vikali kwa maonyesho yaliyojengwa juu ya neno hilo. Na hapa kwetu, ambako ukabila umemwaga damu, nani anataka kulivaa?

Basi useme nini? Taja kitambaa na kazi iliyofanyika. Rafia ya Wakuba wa Kasai inafumwa na wanaume, kisha wanawake wanaidarizi: "handwoven" na "embroidered" ni haki yake. Gome la mti la Wambuti wa Ituri halifumwi hata kidogo. Wanaume wanalipondaponda mpaka lilainike, wanawake wanalichora. Andika "pounded" na "hand-painted". Ukiandika "woven" umedanganya, na mnunuzi anayejua atadai pesa zake.

Kikwembe chenyewe ndicho kigumu. Tunakiita cha asili, na kweli ndicho kinachovaliwa kwenye ndoa na matanga. Lakini wax ni mtoto wa batiki ya Java, aliyeigwa na viwanda vya Uholanzi. Vlisco ilianzishwa Helmond mwaka 1846. Kisangani nayo ilichapa vitambaa vyake kwenye kiwanda cha SOTEXKI. Kwa hiyo "traditional" peke yake inaleta maswali. "Wax-print" inatosha, na "cotton" kama ni pamba kweli. Mimi ningeweka "Congolese" kwenye mshono, kwa sababu huo hakuna anayeweza kutubishia.

Limebaki jambo la mpangilio. Kiingereza kinaweka sifa zote mbele ya nguo: urefu kwanza, kisha rangi, kitambaa mwisho. Gauni refu la bluu la pamba ni "long blue cotton dress". Ukigeuza, mnunuzi ataelewa, ila atajua hujazoea, na hapo ataanza kupunguza bei.