Soko la mboga Mara: hasara huanzia juani

MFANYABIASHARA wa mahindi akikosa bei leo, hufunga ghala akasubiri. Wa mchicha, sukuma wiki au matembele hana nafasi hiyo. Mzigo uliochumwa Butiama alfajiri na kushushwa Musoma mchana ukiwa umepigwa na jua, huwa umekwisha kushuka bei kabla mteja wa kwanza hajauliza.

Tuchukue mfano. Mwenye genge ananunua mafungu 100 kwa sh. 200 kila moja, anauza sh. 300. Yakiisha yote, faida ni sh. 10,000. Yakinyauka 30 akayatupa, anabaki na sh. 1,000, na nauli bado haijatolewa.

Jani lililochumwa bado linapumua na kupoteza maji, na joto huharakisha yote mawili. Dawa ya kwanza basi ni rahisi: kuchuma kabla jua halijapanda, kuweka kivulini papo hapo na kufunika tenga kwa gunia bichi. Mzigo unaotoka Bunda kwa basi usipakiwe pamoja na ndizi mbivu. Hizo hutoa gesi ya ethilini inayogeuza majani kuwa manjano. Wala usifungwe katika plastiki isiyo na matundu, kwani humo utaoza.

Kwa mwenye mtaji kidogo kipo kibanda cha ubaridi kisichotumia umeme, kilichobuniwa India miaka ya 1980. Ni kuta mbili za matofali zenye nafasi ya sentimeta 7 hadi 8 kati yake, nafasi hiyo ikajazwa mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, na juu kifuniko na kivuli. Maji yakikauka huondoka na joto. Nchini Nigeria, mwalimu Mohammed Bah Abba alitumia kanuni hiyo mwaka 1995 kwa vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na ikaelezwa kuwa mchicha uliokuwa ukiharibika kwa siku moja ulifika siku 12.

Wenye mitaji wa Musoma wasizikimbilie siku hizo 12. Jigawa, alikofanyia kazi, ni kukavu, na hewa kavu ndiyo inayokausha maji upesi. Kando ya Ziwa Victoria kuna unyevu, hasa wakati wa masika. Lakini mwenye genge anachotaka ni mzigo wa Jumamosi ufike Jumatatu. Tena kibanda hufanya kazi vizuri zaidi kiangazi, wakati mboga ni adimu na bei imepanda.

Maji ya kunyunyizia mboga zenyewe yawe safi. Ya mtaroni au ya ziwani yasiyotibiwa yanaweza kumpelekea mteja kipindupindu.

Kabla ya kununua tofali hata moja, jaribu kwa vyungu viwili: mafungu 10 ndani, 10 nje, kisha hesabu yanayouzika siku ya pili.