Wimbi Usio wa Baharini: Nilichofungulia Kinywa Masimba

Sisi tuliozaliwa mwambao, mtu akitutajia wimbi twatazama baharini. Ilinibidi nikate nchi kwa basi, kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha Narok, Bomet na Sotik, niteremke Keroka na kupanda pikipiki hadi Masimba, ndipo nikakutana na wimbi wa pili, ule wa nafaka, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita ulezi. Nilikuwa nikiujua kwa jina, na kwa uji wa wagonjwa. Masimba nimeujua kwa kuunywa asubuhi tatu mfululizo, na ninayoyaandika leo, ndugu msomaji, ni habari ya asubuhi hizo.

Yafaa niseme kwanza kilichonipeleka. Mimi ni mtu wa mahamri. Tangu nilipoweka loho chini na kutoka chuoni, sijapata kuifungua siku bila mahamri, mbaazi za nazi na chai ya maziwa iliyokolea. Basi mwaka huu daktari alinipima damu, akaniambia kuwa sukari yangu imefika mpakani, haijauvuka. Akaniuliza, "Chai yako hutia vijiko vingapi, mzee?" Nikamtajia hesabu niliyoipunguza kidogo. Naye akaiongeza palepale, kwa kunitazama tu.

Mpwa wangu anayeishi Nairobi aliposikia, alinichukua hadi mkahawa mmoja wa vioo, akaniagizia kinywaji cha kusagwa kwenye mashine, kile ambacho vijana hukiita smuthi. Kilikuja katika bilauri ndefu, rangi yake kijani kama maji ya kisima kilichoachwa. Akanihesabia yaliyomo: mbegu za chia, ambazo asili yake ni Meksiko na nchi za jirani yake, unga wa majani ya mlonge, na unga mweupe uliotoka katika pakiti ya fahari. Nilipouonja ule unga peke yake nikacheka kwa sauti. Ulikuwa ubuyu! Ubuyu ule ule tuliokuwa tukiumumunya njiani, loho kwapani, hata midomo ikakauka. Nchi za Ulaya ziliuidhinisha mwaka 2008 kuwa chakula kipya. Kipya kwao, labda. Kwa bei ya bilauri ile moja ningelinunua mahamri ya juma zima, na sikushiba.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiswahili na Mgusii wa damu, alipokisikia kisa hicho alisema neno moja tu: "Njoo kwa mama." Mama yake anakaa Masimba, katika Masaba Kusini, kaunti ya Kisii.

Asubuhi ya kwanza niliamka kwa baridi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya michai, na migomba ilikuwa ikidondosha maji kana kwamba mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilitoka nimejitanda shuka, nikamkuta bibi mwenye nyumba jikoni, mwenye umri wa miaka themanini na zaidi, ambaye wajukuu wote humwita Magokoro, yaani nyanya. "Bwakire," nikamwamkia, neno nililofunzwa usiku uliotangulia. Akafurahi, akanijibu kwa maneno mengi ambayo sikuyaelewa hata moja.

Mahali penye michai hadi mlangoni, mimi nilitazamia birika. Halikuwapo. Palikuwapo chungu kilichofunikwa, na harufu kali kidogo, tamu kidogo, mfano wa harufu ya unga wa vibibi uliolala. Huo ndio erongori, uji wa wimbi, ambao unga wake ulikuwa umekorogwa kwa maji siku mbili nyuma, ukatiwa kijiko cha uji wa zamani na kuachwa uchachuke. Asubuhi hiyo ulipikwa polepole, huku mwiko hautoki chunguni, hata ukawa na rangi ya udongo mwekundu.

Hapa nilisita, na msomaji aliyepitia chuoni kama mimi ataelewa. Nilikuwa nimesikia ya kuwa wimbi huo huo, ukioteshwa kuwa kimea, ndio upikiwao pombe. Nikauliza kwa adabu, "Mama, huu hautalevya?" Mwanawe alipomfasiria, Magokoro akaweka mwiko chini ili apate kucheka vizuri. "Mwanangu," akasema, "kama ungelevya, hawa wajukuu wangekuwa walevi kabla ya kuota meno."

Mjukuu wake mmoja, binti anayesomea mambo ya lishe katika chuo kikuu, ndiye aliyenituliza kwa elimu. Kinachofanya kazi ndani ya uji ule ni vijidudu vya aina ile ile igandishayo maziwa. Huleta uchachu, nao uchachu huo huzuia vijidudu vibaya visistawi. Kisha uji hupikwa hata ukachemka. Pombe huhitaji hamira na siku zake. Nikanywa, na moyo wangu ukatulia.

Kuhusu kimea, binti yule alinieleza jambo ambalo sikulijua. Mtoto mchanga ana tumbo dogo. Ukimpa uji mzito hawezi kuumeza, na ukimpa mwepesi anashiba maji. Lakini ukitia kijiko cha unga wa kimea katika uji mzito, mara unalegea na kuwa mwepesi bila kuongezwa tone la maji, na mtoto hupata unga mwingi katika kikombe kile kile. Mwaka 1983 Mosha na Svanberg walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hili, na Tanzania kazi hiyo ikaendelea, maana togwa yao nayo ina kimea na uchachu. Walakini binti akaninyoshea kidole: "Wewe mzee, wako hautiwi kimea. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari. Mtoto apewe, wewe uachie."

Basi baada ya uji mtupu, binti akataka kunionyesha kwamba hata Masimba kuna smuthi. Alikuwa ametoka na mashine yake mjini. Akatia pawa mbili za uji uliopoa, nusu ya parachichi lililokatwa mtini nyuma ya jiko, ndizi moja ndogo isiyoiva kupita kiasi, upawa mmoja wa maziwa yaliyogandishwa, wayaitayo amabere amaruranu, na matone ya limau. Sukari hakutia. Akabonyeza kitufe, mashine ikanguruma kama boti ya mtambo, ikapiga mizunguko mitatu, na umeme ukapotea. Tukangoja. Magokoro hakungoja, alimpokonya mjukuu ile jagi, akamimina vyote katika sufuria, akaponda parachichi na ndizi kwa mgongo wa mwiko, akakoroga na kupiga hata vikawa kitu kimoja. Vipande vidogo vya ndizi vilibaki, na kwangu mimi vilikuwa ndiyo raha yenyewe. Umeme uliporudi, saa nne, tulikuwa tumekwisha kuosha sufuria.

Naam, kilikuwa kizito, kichachu, kimenyooka kooni kwa mafuta ya parachichi, na harufu ya moshi kwa mbali. Hadi adhuhuri sikukumbuka chakula. Mimi, ambaye mahamri manne huniacha saa nne na nusu nikitafuta mkate!

Sasa nisije nikafanya kosa la wale wauza pakiti, nikauita wimbi dawa. Si dawa. Gramu 100 za unga wake zina miligramu 300 na ushei za kalsiamu, mara kumi ya mchele na zaidi ya mara mbili ya maziwa kwa uzito ule ule. Lakini ni nani anywaye gramu 100 za unga kwa kikombe? Kikombe kina kama gramu 30. Tena madini hayo, pamoja na chuma kilichomo, yamefungwa ndani ya punje na vitu ambavyo tumbo letu haliwezi kuvifungua vyema. Kuchachusha ndiko kunakoyafungua kwa kiasi. Limau nalo husaidia chuma kipite. Na chai, ewe ndugu yangu, ikinywewa pamoja na chakula hukifungia chuma mlango. Kwa hiyo yule anunuaye unga wa wimbi dukani, akaukoroga upesi upesi, akautia vijiko vinne vya sukari na kuteremshia chai, amepata jina la wimbi tu. Hata kwa mtu wa sukari kama mimi, uji wa unga laini si wa kujimiminia bila kipimo, kwa kuwa wanga ni wanga. Binti alinipimia kikombe kimoja, na nilipoomba cha pili akajifanya hakusikia.

Nilitaka kuliona shamba la wimbi wenyewe, nikapelekwa. Ewe msomaji, lilikuwa kipande kama ukumbi wa msikiti mdogo, kimebanwa na michai upande huu na migomba upande ule. Nikauliza mashamba mengine yako wapi. Hakuna. Waingereza walipoweka boma lao Kisii mwaka 1907, wimbi ndio uliokuwa nafaka ya heshima ya Wagusii, wa uji na wa ugali pia. Mahindi yakaja, yakapendwa kwa wepesi wake. Katika miaka ya 1930 ikaja kahawa, na Wagusii walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuruhusiwa kuilima. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ukaja mchai, na KTDA ilipoanzishwa mwaka 1964 mkulima mdogo akapata mahali pa kupeleka majani yake. Fedha ikaingia nyumbani, watoto wakasoma. Rafiki yangu mwenyewe alisomeshwa kwa majani hayo. Lakini ardhi haikuongezeka, ikagawanywa kwa wana na wana wa wana, na kikombe cha chai ya sukari na kipande cha mkate kikakaa mahali pa kibuyu cha uji.

Nilidhani Magokoro ataulaumu mchai. Hakuulaumu. "Wimbi uliondoka kwa sababu ya mgongo," alisema, akajishika kiuno. Akaniinamisha shambani, akaniambia ning'oe magugu. Nikang'oa majani matatu, na mawili yalikuwa wimbi! Maana wimbi una ndugu yake wa mwituni, wanaofanana kama pacha hadi watoe mashuke, na palizi yake ni ya kuchutama jani kwa jani, kazi iliyoachiwa wanawake tangu zamani. Ukipona magugu kuna ndege. Ukipona ndege, mavuno ni ya kisu, shuke kwa shuke. Fadhila yake moja ni ghalani: punje zake ni ndogo hata wadudu hawaoni pa kuingia, nao hukaa miaka mingi bila kuharibika. Wazee waliuweka kwa ajili ya njaa.

Sokoni Masimba nilimwuliza mama mmoja muuza nafaka magunia yake ya wimbi yametoka wapi. Akaniambia mengine Uganda, mengine Tanzania. Na bei yake ilikuwa juu ya mahindi kwa mbali.

Jioni ya pili ndipo nilipofahamu kwa nini rafiki yangu alikuwa akikizunguka kile kipande kwa hatua kama anayekipima. Alitaka kung'oa wimbi na kupanda parachichi za Hass, zile za kupeleka ng'ambo. Hoja yake haikuwa mbaya: mti mmoja hauhitaji palizi ya kuchutama, na mama amezeeka. Mama alinyamaza. Mjukuu ndiye aliyejibu, kwa upole, kwamba parachichi wanazo tayari nyuma ya jiko na hazinywewi peke yake. Na kwamba palizi ya msimu ujao ataifanya yeye na nduguze, likizo. "Mnaijua palizi ya wimbi ninyi?" baba akauliza. "Nyanya atatufunza," akasema. Nikatazama pembeni, kwani ugomvi wa nyumba si wa mgeni. Waliafikiana wapande Hass mbili mpakani, na kipande kibaki msimu mmoja. Baada ya msimu huo sijui.

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa mtama, uwele, wimbi na jamaa zao, kwa pendekezo la India. Wahindi wanao wimbi huu huu, wauita ragi, nao asili yake ni nyanda zetu za juu, Uganda na Uhabeshi, ukavuka kwenda kwao zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Ulivukaje, wataalamu wangali wakibishana. Mimi mtu wa pwani nilifurahi tu kusikia kuwa wimbi huu nao umekwisha kupata kuvuka bahari.

Asubuhi ya kuondoka, wenyeji wakanidai ubeti, maana mwalimu alikwisha kunisaliti kuwa ni mtunzi. Nikawapa huu, nimesimama, kibuyu mkononi:

Chai naiaga leo, na sukari naihama,
Wimbi umepata cheo, kwenye kibuyu cha mama,
Hauna hata kileo, ladha yake ni salama,
Masimba huko upeo, wema wenu nausema.

Magokoro akanifungia unga wa debe dogo, na chupa ya uji wa zamani kuwa chachu. Akaniagiza: siku mbili, usiukoroge kabla.

Nilipofika Mombasa nikafuata agizo. Siku mbili! Alisahau kwamba kwake kuna ukungu na kwangu kuna joto. Usiku huo huo mfuniko uliruka, na alfajiri mke wangu alikuta uji umetambaa hadi mlango wa jiko. Alinitazama, hakusema neno, akafuta. Siku ya pili aliuchachusha yeye mwenyewe, kutoka magharibi hadi alfajiri tu, akaupika kwa mwiko usiotoka chunguni, akatia unga wa ubuyu mahali pa limau. Kisha akamimina vikombe viwili, akaketi, na sahani ya mahamri akaisukuma upande wake.