Kazi na Sikukuu katika Nchi ya Baridi

Katika Afrika ya Mashariki watu huhesabu majira kwa mvua na pepo. Iko masika, iko vuli, iko kaskazi na kusi. Lakini mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Ulaya si hivyo. Dunia huizunguka jua hali imeinama upande, na kwa sababu hiyo nchi zilizo mbali kaskazini huelekea jua nusu ya mwaka, kisha huliepuka nusu ya pili. Katika mji mdogo wa Herrnhut, ulioko mashariki ya Ujerumani, siku ndefu ya mwezi wa Juni ina saa 16 za mwanga. Siku fupi ya mwezi wa Desemba ina saa 8 tu: jua huchomoza saa mbili ya asubuhi, na ifikapo saa kumi ya alasiri limekwisha kuchwa.

Kati ya mwanga mwingi na giza jingi kuna miezi mitatu, Septemba, Oktoba na Novemba. Hayo ndiyo majira ya kupukutika majani. Majani ya miti hugeuka rangi, yakawa manjano na mekundu, kisha huanguka yote, na miti husimama uchi kana kwamba imekufa. Mbayuwayu hukusanyika juu ya mapaa ya nyumba, na siku moja hawaonekani tena. Wamefunga safari ndefu ya kuja Afrika, na wengi wao huonekana huku wakirukaruka juu ya malisho na viwanja vya shule. Ndege aweza kuikimbia baridi. Mkulima hawezi, yeye na jamaa yake hukaa papo hapo, na chakula watakachokula mpaka majani mapya yachipuke hawana budi kukiweka akiba kabla ardhi haijaganda.

Fikiri basi habari za jamaa moja ya wakulima Wakristo katika nchi ile, mwanzoni mwa karne ya 20, kabla mashine hazijaenea mashambani. Walikuwapo baba na mama, bibi mzee, na watoto watano au sita. Miezi ile ilikuwa na kazi nyingi, na tena ilikuwa na sikukuu nyingi. Kazi ilitaka kila saa ya mwanga. Na siku za Mungu zilitaka saa zake pia. Jamaa ile iliwezaje kuyapatanisha mambo hayo mawili?

Neno la asubuhi

Mji wa Herrnhut ulianzishwa mwaka wa 1722 na watu waliokimbia kutoka nchi ya Moravia, ambako waliteswa kwa ajili ya imani yao. Bwana mmoja mkubwa, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliwapa mahali pa kukaa katika ardhi yake. Ndio watu waliojulikana baadaye kwa jina la Wamoravian, na wamisionari wao walifika Rungwe, kusini ya Tanzania, mwaka wa 1891.

Mwaka wa 1728 Zinzendorf alianza kuwapa watu wa mji neno moja la Biblia liwe la siku ile, nalo lilipelekwa nyumba kwa nyumba. Tangu mwaka wa 1731 maneno hayo yamepigwa chapa katika kitabu kidogo, mwaka kwa mwaka pasipo kukosa. Huchaguliwa kwa kura: maandiko yapatayo 1,800 ya Agano la Kale huwekwa tayari katika chombo, na neno la kila siku huvutwa humo. Leo kitabu hicho husomwa katika lugha zaidi ya 50.

Katika jamaa ya mkulima wetu, ng'ombe walikamwa kwanza, kwa maana mnyama hawezi kungojea. Kisha wote walikusanyika mezani. Baba alisoma neno la siku, wakaomba, ndipo wakala. Jambo hilo halikupita dakika chache. Lakini halikuachwa hata siku ambayo gari la mavuno lilikuwa limekwisha kufungwa farasi nje. Kama wangelingoja mpaka kazi iishe ndipo wasali, wasingalisali mpaka theluji inaanguka.

Viazi na Jumapili

Kazi kubwa ya mwezi wa Oktoba ilikuwa kuchimba viazi. Viazi vya Ulaya ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini na cha tajiri, na jamaa yenye watoto wengi ilihitaji magunia mengi. Katika sehemu nyingi za Ujerumani shule zilifungwa kwa ajili ya kazi hiyo, na watu wakaiita likizo ya viazi. Watoto walitembea nyuma ya jembe wameinama, wakaokota viazi vilivyofunuliwa, wakavitia katika vikapu. Udongo ulikuwa baridi, na vidole vilikufa ganzi. Jioni walikusanya mashina makavu ya viazi, wakayatia moto kando ya shamba, na kuchoma viazi katika majivu. Hiyo ndiyo iliyokuwa furaha ya siku.

Adui yao alikuwa jalidi, yaani umande ugandao usiku. Kiazi kilichogandishwa huwa laini, hutoka maji, nacho huoza. Na kimoja kilichooza ghalani huharibu vilivyo karibu nacho. Kwa hiyo wazee waliangalia mbingu kila jioni. Usiku wenye mawingu ulikuwa salama zaidi, maana mawingu huifunika nchi kama blanketi. Usiku wa nyota nyingi na usio na upepo ulikuwa wa hatari.

Sasa fikiri ni Jumamosi jioni. Mbingu ni nyeupe, nyota zinaanza kutokea, na robo ya shamba bado haijachimbwa. Kesho ni Jumapili. Huo ulikuwa mtihani mkubwa kwa jamaa kama ile. Kuchimba siku ya Bwana hawakutaka. Kupoteza chakula cha watoto hawakutaka vilevile. Katika vijiji vile kulikuwa na njia iliyojulikana: majirani waliomaliza mashamba yao walikuja na taa, wakachimba pamoja mpaka usiku, na vile ambavyo havikuwahi kupelekwa ghalani vilirundikwa shambani na kufunikwa kwa majani makavu na udongo. Aliyesaidiwa leo alijua kwamba juma lijalo zamu ni yake kusaidia. Hivyo Jumapili haikutunzwa kwa kukaa tu. Ilitunzwa kwa jasho la Jumamosi, na kwa mikono ya jirani.

Mavuno yalipokwisha, ilifika Jumapili ya kushukuru, ambayo kwa kawaida ni ya kwanza ya mwezi wa Oktoba au iliyo karibu nayo. Watoto walibeba kanisani masuke ya nafaka, viazi, tofaa, maboga na mkate mpya, vikapangwa mbele ya madhabahu. Baada ya ibada vitu hivyo vilipewa wahitaji. Sikukuu hiyo huadhimishwa hata leo, ijapokuwa wengi wanaokuja siku hizi hununua viazi vyao dukani.

Ghala na makaburi

Baada ya hapo kazi iliingia nyumbani. Kabichi ilikatwa nyembamba, ikatiwa chumvi na kushindiliwa katika mapipa mpaka ikachachuka; hivyo iliweza kukaa miezi mingi. Tofaa zilipangwa juu ya majani makavu, moja lisiguse jingine. Matunda yaitwayo plamu yalipikwa katika sufuria kubwa muda wa saa nyingi, na mtu mmoja hakuondoka na mwiko, kwa maana rojo ile ikiachwa kidogo huungua chini. Walipokezana: mama, kisha binti mkubwa, kisha bibi, na aliyekuwa hana zamu aliwasimulia wengine hadithi wasisinzie. Wanaume walipasua kuni, wakazipanga ukutani mpaka chini ya paa.

Tarehe 11 Novemba ilikuwa siku ya Martin, yule askari anayesimuliwa kuwa alikata joho lake kwa upanga, akampa maskini nusu. Siku hiyo ilikuwa mwisho wa mwaka wa wakulima. Watumishi wengi walilipwa ujira wao, na wenye kukodi ardhi walilipa kodi. Katika miji mingi watoto hutembea jioni hiyo na fanusi za karatasi, wakiimba njiani.

Kisha ikaja Jumapili moja ya kimya. Mfalme wa Prussia aliamuru mwaka wa 1816 kwamba Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio iwe ya kuwakumbuka waliokufa, na desturi hiyo ikaenea katika makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani. Majina ya waliofariki mwaka ule husomwa kanisani, kisha watu huenda makaburini. Zamani zile, kabla ya dawa nyingi kujulikana, magonjwa ya kifua yalichukua wazee na watoto wachanga kila majira ya baridi. Jamaa iliposikia jina la mmoja wao likisomwa, ilikuwa imeketi ubao mmoja, bega kwa bega. Yaliyokuwa magumu kuchukuliwa na mtu peke yake yalichukuliwa na wote.

Nyota katika giza

Juma lililofuata lilileta Majilio, yaani Jumapili nne za kungojea Krismasi. Hapo giza lilikuwa limezidi sana, na katika nyumba za Herrnhut ilitundikwa nyota ya karatasi yenye taa ndani yake.

Nyota hiyo ilianza shuleni. Katika karne ya 19 Wamoravian walikuwa na shule za bweni, na ndani yake walikuwamo watoto ambao wazazi wao walikuwa wamisionari katika nchi za mbali. Barua zilichukua majuma mengi njiani, na mtoto aliweza kukaa miaka bila ya kumwona mama yake. Mwalimu mmoja wa hesabu aliwafundisha kutengeneza nyota kwa karatasi, wapate kuyafahamu maumbo. Na wavulana wakaitengeneza kila mwaka Majilio yalipoanza. Basi wale ambao jamaa yao ilitawanyika ndio waliowapa wengine taa ya kukusanyikia. Mwaka wa 1897 Pieter Hendrik Verbeek alibuni nyota iwezayo kufunguliwa na kuungwa tena, ikaanza kuuzwa. Nyota ya kawaida ina ncha 25: ncha 17 zina pande nne, na ncha 8 zina pande tatu. Hata leo huundwa Herrnhut kwa mikono.

Taa nyingine ya Majilio ilitoka Hamburg. Mwaka wa 1839 Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa mlezi wa watoto maskini, alichoshwa kwa maswali yao ya kila siku, je, Krismasi ni leo? Akatwaa gurudumu la gari, akasimamisha juu yake mishumaa midogo ya siku za kazi na mikubwa minne ya Jumapili. Kila siku waliwasha mmoja zaidi, watoto wakahesabu wenyewe. Baadaye gurudumu likawa duara la majani mabichi lenye mishumaa minne, nalo limeenea katika nchi nyingi.

Jikoni nako kulikuwa na kazi. Mkate mtamu wa Krismasi, uitwao Stollen, ulitiwa siagi, lozi na zabibu kavu, ukaokwa majuma kadhaa mbele, kwa maana huzidi utamu ukikaa. Biskuti zilitiwa asali, mdalasini, tangawizi na karafuu. Zamani zile karafuu nyingi za dunia zilitoka Unguja na Pemba. Huenda basi harufu iliyojaa nyumba ile ya theluji ilianza juu ya mikarafuu ya pwani yetu.

Usiku wa tarehe 24 Desemba watoto walikwenda kanisani. Mwaka wa 1747, huko Marienborn, askofu wa Kimoravian Johannes de Watteville aliwagawia watoto mishumaa yenye utepe mwekundu, kuwakumbusha upendo wa Mwokozi, na tangu hapo desturi hiyo imedumu. Kila mtoto alipokea mshumaa uliowashwa, akaulinda kwa kiganja asije upepo ukauzima, mpaka nyumbani. Huko kengele ililia, mlango ukafunguliwa, na mti wenye taa ulikuwa umesimama. Wakati ule hapakuwa na kazi iliyosalia ila moja: kulisha ng'ombe.

Wazee wetu husema, mchumia juani hulia kivulini. Jamaa ile ilichumia katika umande na baridi, ikala penye moto. Lakini haikupata saa za kukaa pamoja kwa sababu kazi zake zilikuwa chache. Ilizipata kwa kuwa ilizitenga kwanza, kisha ikazipanga kazi kando yake. Neno la asubuhi, Jumapili, zamu ya mwiko, nyota ya Majilio: kila kimoja kilikuwa kidogo, na kila kimoja kingaliweza kuahirishwa. Wenye kungoja nafasi hawaipati, kwa maana shamba halisemi limetosha. Nyumba yenye shughuli nyingi, iwe Herrnhut au Rungwe, hukaa pamoja siku ile wenyewe wanapoamua kwamba watakaa.