Punje ndogo, chaji nyingi: lakini ndogo kiasi gani?

Simu uliyoshika ina mamia ya kapasita za kauri, nyingi zikiwa ndogo kuliko punje ya mchele. Ndani ya kila moja matabaka ya kauri yamepangwa kama kurasa za kitabu, na kwenye zile za kisasa tabaka moja halifiki unene wa mikromita 1. Unywele wako una kama 70. Kauri yenyewe ni titaneti ya bariamu, na sifa zake zinategemea sana ukubwa wa punje zake.

Punje zipi tena? Kauri hutengenezwa kwa unga unaoshindiliwa na kuchomwa tanuruni, mara nyingi kwenye nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi. Ukiitazama kwa hadubini utaona kitu kama ukuta wa mawe: kila jiwe ni punje, yaani fuwele moja, na kati ya punje na punje kuna mpaka.

Sasa, chini ya nyuzi 120 hivi, ioni ya titani iliyo katikati ya kila kijichumba cha fuwele husogea pembeni kidogo. Upande mmoja unakuwa chanya, mwingine hasi, hata bila betri, na ukiweka volti ya kutosha unaweza kuugeuza mwelekeo huo. Hiyo ndiyo feroelektriki. (Jina lisikuchanganye, chuma hakimo. Limetokana na kufanana na tabia ya sumaku.)

Lakini kijichumba kikifanya hivyo kinarefuka pia, kama asilimia 1, na punje imebanwa na majirani pande zote. Itafanyaje? Inajigawa katika vipande vyembamba vinavyoelekea pande tofauti, kama mistari ya pundamilia. Vipande hivyo ni domeni, na kati yake kuna kuta. Volti ikibadilika kuta zinatikisika, na kila mtikisiko unaongeza chaji inayohifadhiwa. Shika hilo la kuta, maana ndilo kiini cha habari yote.

Punje ikipungua mara 4, upana wa domeni unapungua mara 2 tu, lakini unapungua. Kwa hiyo kuta zinasongamana zaidi katika ujazo uleule. Mwaka 1985 Arlt, Hennings na de With walionyesha matokeo yake: permitiviti, yaani kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji, ambayo kwa punje kubwa haivuki sana 2,000 kwenye joto la kawaida, hupanda hadi kama 5,000 punje zikikaribia mikromita 1. Kuna maelezo ya zamani zaidi yanayotaja mkazo wa ndani peke yake. Mimi naona hoja ya kuta ina nguvu zaidi.

Basi tuendelee kupunguza? Hapana, chini ya hapo inaporomoka. Kwanza, fuwele inaanza kurudi kwenye umbo la mchemraba, na ioni inasogea kidogo zaidi. Pili, mipaka haihifadhi chaji vizuri. Chukua ganda la nanomita 1 kuzunguka punje: kwenye punje ya mikromita 1 ni asilimia 0.6 tu ya ujazo, kwenye ya nanomita 50 ni zaidi ya asilimia 11.

Hapo ndipo watengenezaji wanapobanwa. Tabaka la nusu mikromita linahitaji punje kadhaa kutoka juu hadi chini, kwa sababu mipaka hiyohiyo inayotuudhi ndiyo inayozuia umeme usivuje. Punje moja ikivuka tabaka zima, kapasita haidumu. Kwa hiyo wanalazimika kufanya kazi na punje za nanomita mia moja na kitu, upande wa mteremko. Faida ipo: punje ndogo hazipotezi permitiviti nyingi zikiwekewa volti ya kudumu.

Kazi ngumu ni kuzizuia zisikue tanuruni. Mwaka 2000 Chen na Wang walichapisha mbinu ya hatua mbili, wakitumia kauri nyingine, na baadaye ikahamia kwenye titaneti ya bariamu. Unapandisha joto haraka, kisha unalishusha na kusubiri kwa saa nyingi. Kwenye joto hilo la chini atomi bado zinapita mipakani na kuziba vitundu, ila mipaka yenyewe haina tena nguvu ya kuhama.